Kiwanja cha jirani kikigeuka baa, mwenye kusema ni nani?

(Mazungumzo haya yalisomwa redioni juma lililopita. Tunayachapa hapa kwa ajili ya wasomaji ambao hawakuyasikia.)

Juma hili nataka tuzungumzie jambo linalozua magomvi mengi katika mitaa yetu ya Dar es Salaam, tangu Tegeta na Kunduchi upande wa Kinondoni, hadi Mbagala na Mtoni upande wa Temeke. Nalo ni hili: mtu ana kiwanja cha makazi, siku moja anaamua kukifanya baa, au gesti, au sheli ya mafuta, au godauni. Majirani wanapiga kelele. Halmashauri inakaa kikao na kutoa uamuzi. Je, uamuzi huo hutolewa vipi? Na jirani ana nafasi gani ndani yake?

Nasema jambo hili ni zito kwa sababu nyumba ndiyo akiba pekee ya wengi wetu. Mtu amedunduliza mshahara wa miaka 20, ameweka tofali moja moja, akajenga vyumba vinne. Halafu ukuta wa pili unageuka ukumbi wa muziki unaopigwa hadi alfajiri. Mzee hawezi kulala, mtoto hawezi kusoma, na akitaka kuuza nyumba hapati mnunuzi. Huyu hakuibiwa kitu, lakini amepoteza.

Tuanze na mzizi wenyewe. Chini ya Sheria ya Ardhi, Namba 4 ya mwaka 1999, ardhi yote ya Tanzania ni mali ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi wote. Sisi tunapewa haki ya kuimiliki kwa muda na kwa masharti. Ndiyo maana ukifungua hati ya kiwanja huoni jina lako na ukubwa wa eneo tu. Utaona pia matumizi. Hati nyingi huyataja kwa herufi za makundi, na makazi huwekwa chini ya herufi A. Kwa hiyo anayesema, "Hiki ni kiwanja changu, nitafanya nipendavyo," anasema nusu tu ya ukweli. Kiwanja ni chake, lakini matumizi aliyapokea kwa sharti, na sharti hilo ndilo lililomfanya jirani yake akubali kujenga pale.

Sheria ya pili ni Sheria ya Mipango Miji, Namba 8 ya mwaka 2007, iliyochukua nafasi ya sheria ya kikoloni ya mwaka 1956. Hii inasema kwamba katika eneo la mpango wa mji hakuna mtu wa kuendeleza ardhi pasipo idhini ya mamlaka ya mipango. Mamlaka hiyo ni halmashauri yako ya manispaa au ya jiji. Na neno kuendeleza halina maana ya kujenga peke yake. Kubadili nyumba ya kuishi kuwa gereji, hata bila kuongeza tofali moja, ni kuendeleza pia.

Hapa watu wengi huchanganya mambo matatu, na waombaji wajanja hutumia mchanganyiko huo. Kuna kibali cha ujenzi, kinachohusu jengo. Kuna leseni ya biashara au ya vileo, inayohusu shughuli. Na kuna idhini ya kubadili matumizi, inayohusu ardhi yenyewe. Mwenye baa akikuonyesha leseni ya vileo iliyotundikwa ukutani, amekuonyesha karatasi ya shughuli tu. Muulize kwa adabu karatasi ya ardhi iko wapi.

Sasa tufuate safari ya ombi lenyewe. Mwombaji huandika kwa Mkurugenzi wa halmashauri, naye Mkurugenzi hulipeleka kwa Afisa Mipango Miji. Kusudio hutangazwa: kibao husimikwa kwenye kiwanja, na tangazo hutolewa gazetini, likitaja namba ya kiwanja, kitalu, matumizi ya sasa, matumizi yanayokusudiwa, na siku za kupokea pingamizi. Wataalamu hukagua eneo na kuandika maoni yao. Uongozi wa mtaa na kata huulizwa. Kisha jalada huingia katika Kamati ya Mipango Miji na Mazingira, ambayo ni miongoni mwa kamati za kudumu za halmashauri za miji, na wajumbe wake ni madiwani tuliowachagua. Kutoka hapo mapendekezo hupanda ngazi, na pale ambapo mchoro wa eneo unabadilika, Wizara ya Ardhi nayo ina neno lake.

Mkisikiliza hivyo mtaona kwamba safari ni ndefu na ina vituo vingi. Kwa nini basi malalamiko hayaishi? Kwa maoni yangu ni kwa sababu mbili.

Ya kwanza ni kwamba wapo watu wanaoanza na ukuta na kumalizia na ombi. Mtu hujenga usiku na mwishoni mwa juma, wakati ofisi zimefungwa. Majirani wanapofika manispaa jengo limefika kwenye linta. Ndipo ombi la kubadili matumizi linapoletwa, na wajumbe wa kamati wanaambiwa, "Waheshimiwa, tayari mamilioni yametumika hapa." Uamuzi wa haki unakuwa mgumu, kwa kuwa saruji imekwisha kukauka. Ukitaka mfano wa mwisho wa mwendo huo, itazame Sinza. Eneo lile lilipimwa katika miaka ya 1970, katika mradi wa viwanja na huduma uliokopeshewa fedha na Benki ya Dunia, pamoja na Kijitonyama na Mikocheni, ili watu wa kipato cha kawaida wapate mahali pa kujenga na kuishi. Leo Sinza, iliyo katika Manispaa ya Ubungo tangu Kinondoni ilipogawanywa, inajulikana nchi nzima kwa baa na nyumba zake za wageni. Sisemi kila moja iko pale kinyume cha sheria. Ninachosema ni kwamba mtaa mzima unaweza kubadilika kiwanja kimoja kimoja, bila kuwako siku ambayo wakazi wote waliulizwa wanautaka mtaa wa namna gani.

Sababu ya pili ni sisi wenyewe. Kibao kinasimikwa, tunakipita. Tangazo linatoka, gazeti tunafungia maandazi. Siku za pingamizi zinakwisha kimya, na kamati inaandika kwenye kumbukumbu zake kwamba majirani hawakuwa na neno. Asemaye baadaye husema kwa sauti kubwa, lakini jalada halina sikio, lina karatasi tu.

Na kwa wale wanaokata tamaa wakisema kwamba mwananchi hawezi kushindana na halmashauri, naomba niwarudishe nyuma, kwenye kesi mbili ambazo kila mkazi wa jiji hili angepaswa kuzijua.

Kwa miaka mingi taka za Dar es Salaam zilikuwa zikimwagwa Tabata. Zilichomwa moto, moshi ukaingia majumbani, na harufu na nzi vikawa sehemu ya maisha. Wakazi walifungua kesi Mahakama Kuu dhidi ya Halmashauri ya Jiji, kesi ya madai Namba 299 ya mwaka 1988. Walishinda mwaka huo huo. Mahakama iliiamuru Halmashauri iache kumwaga taka pale na itafute mahali ambapo hapatahatarisha maisha ya watu. Halmashauri haikuhama. Ikarudi mahakamani kuomba iongezewe muda. Mwaka 1991 Jaji Lugakingira alilikataa ombi hilo. Alishangaa kwamba chombo cha umma kinaweza kuja mahakamani kwa kujiamini kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira na kuhatarisha maisha ya watu, na akaikumbusha Halmashauri Ibara ya 14 ya Katiba, inayompa kila mtu haki ya kuishi. Ikumbukwe kwamba sura ya haki za binadamu ilikuwa imeingia kwenye Katiba yetu mwaka 1984 tu, na ilianza kutumika mahakamani mwaka 1988. Watu wa Tabata walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuitumia.

Ndugu zangu, malori yalikwenda wapi baada ya hapo? Yalikwenda Kunduchi Mtongani, Kinondoni. Na huko nako waliishi watu. Wakazi 795 waliungana wakafungua shauri Mahakama Kuu mwaka huo huo wa 1991, Namba 90. Hoja yao ndiyo inayotuhusu zaidi leo. Hawakuishia kusema kwamba taka zinanuka. Walifungua ramani ya jiji, ule Mpango Kabambe, na kuonyesha kwamba eneo lile limetengwa kwa makazi. Mahakama ikakubaliana nao: Halmashauri ilikuwa imevunja mpango ambao yenyewe ndiyo yenye wajibu wa kuulinda, na ilikuwa imekwenda nje ya mamlaka iliyopewa na sheria ya serikali za mitaa za miji ya mwaka 1982. Uamuzi wake ukatenguliwa.

Tazameni nguvu ya hoja ile. Mtu akilalamika kuhusu harufu, ataambiwa avumilie, mji ndivyo ulivyo. Lakini akisema, "Mchoro wenu wenyewe unasema hapa ni makazi," basi wajibu wa kujieleza umehamia upande wa pili. Ndiyo maana nawasihi wanaotaka kupinga badiliko lolote: kabla ya kukusanya saini, nendeni kwanza mkauone mchoro wa eneo lenu. Uko katika idara ya mipango miji ya manispaa.

Hata hivyo hadithi hiyo ina upande mchungu. Baada ya Kunduchi taka zilipelekwa Vingunguti, kando ya bonde la Mto Msimbazi. Baada ya Vingunguti zikaenda Mtoni, Temeke. Baada ya Mtoni zikaenda Pugu Kinyamwezi. Kila hatua ilikuwa na sababu zake, na jiji lazima liwe na mahali pa kutupa taka. Lakini tujiulize kwa unyofu: je, tulikuwa tunatafuta mahali panapofaa, au tulikuwa tunatafuta mahali ambapo watu hawajapiga kelele bado? Pingamizi likiwa ni la kuusukuma mzigo kwa jirani mnyonge zaidi, tumeshinda kesi na kupoteza ujirani. Aliye makini hupinga akiwa na pendekezo mkononi: si hapa kwa sababu hizi, bali pale kwa sababu hizi.

Nisemapo hivyo nataka pia kumtendea haki mwombaji. Si kila anayebadili matumizi ni mwovu. Mji wenye nyumba za kulala tu ni mji wa shida. Tunahitaji duka la dawa karibu, tunahitaji shule ya chekechea, na magari yanahitaji mafuta. Mjane aliyeachiwa nyumba kando ya barabara kuu ya Mbagala, akitaka kutoa fremu mbili za maduka ili asomeshe watoto, ana haki ya kusikilizwa sawa na jirani yake. Ndiyo maana sheria haikupiga marufuku mabadiliko. Imetaka yapimwe hadharani. Fremu mbili barabarani ni jambo moja, na karakana ya kuchomelea vyuma katikati ya nyumba za familia ni jambo lingine. Kazi ya kamati ni kutofautisha hayo mawili, na haiwezi kutofautisha vizuri ikiwa imesikia upande mmoja.

Viwanja vya wazi ni suala la namna yake. Katika mitaa iliyopimwa, pamoja na ile ya mradi wa viwanja 20,000 ulioanza mwanzoni mwa miaka ya 2000 huko Bunju, Mbweni, Tuangoma, Kibada na kwingineko, michoro ilitenga maeneo ya shule, masoko na michezo. Eneo la namna hiyo likikaa miaka 10 bila kitu, huonekana kama halina mwenyewe. Watoto wanacheza chandimu, mara wanatokea vijana na nguzo na seng'enge. Hapo hakuna jirani mmoja anayejiona ameibiwa, kwa kuwa ni mali ya wote, na mali ya wote huwa haina mlinzi. Kwa hiyo nasema: eneo la wazi la mtaa wenu liandikwe katika kumbukumbu za Serikali ya Mtaa, na mkutano wa wakazi uulize habari zake mara kwa mara. Eneo linaloulizwa uliziwa ni gumu kumegwa.

Basi, ukishaona kibao cha kusudio, ufanye nini? Kwanza, nakili kila kilichoandikwa, hasa namba ya kiwanja, kitalu na tarehe. Piga picha ukiweza. Pili, andika barua kwa Mkurugenzi kabla siku zilizotajwa hazijaisha. Taja namba ya kiwanja chako na umbali wako. Toa sababu zinazohusu mipango ya mji: kelele za usiku, magari kukosa maegesho na kuziba njia, maji machafu yasiyo na pa kwenda, hatari ya moto, gari la zimamoto kutopita. Usiandike kwamba mwombaji ni mlevi au ametoka mkoa fulani. Hayo hayamo katika sheria na yatakuharibia barua. Tatu, peleka nakala kwa Afisa Mtendaji wa Mtaa, kwa mtendaji wa kata na kwa diwani. Nne, na hili ni kubwa kuliko yote, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Barua isiyo na muhuri ni maneno ya barazani.

Tano, mfuate diwani wako, kwa heshima, na umuulize shauri litakuja kamatini lini. Baraza la Madiwani hukutana kila robo ya mwaka, na mikutano yake ni ya wazi, mwananchi anaruhusiwa kuketi na kusikiliza. Nimeona mara nyingi viti vya wananchi vikiwa vitupu, na waliokuja ni sisi waandishi na madereva wa waheshimiwa. Diwani anayejua kwamba wakazi 30 wa kata yake wamekaa nyuma yake huyapima maneno yake.

Uamuzi ukitoka na hukuridhika, ziko ngazi za juu. Shughuli ikiwa inaleta uchafuzi, iko Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, inayompa kila aishiye Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na liko Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC. Uamuzi wenyewe ukiwa umekiuka sheria, Mahakama Kuu inaweza kuombwa iutengue, kama ilivyokuwa kwa Kunduchi, lakini ombi la ruhusa ya kufanya hivyo lina ukomo wa miezi sita. Na kwa kesi za kawaida za madai dhidi ya halmashauri, tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2020, hutakiwa notisi ya siku 90 na Mwanasheria Mkuu wa Serikali kuunganishwa. Mabaraza ya Kata, tangu mwaka 2021, kazi yake katika migogoro ya ardhi ni kusuluhisha. Mimi si mwanasheria, na katika hatua hiyo nawashauri mmtafute aliye mwanasheria, mkichangishana majirani.

Nimekwisha kumsikia mtu wa Tandika au Manzese akisema moyoni, "Hayo ni ya wenye hati. Sisi tulijenga pasipopimwa." Ndugu yangu, hata wewe una pa kushika. Tangu katikati ya miaka ya 2000 zilianza kutolewa leseni za makazi katika maeneo yasiyopimwa, na sasa kuna urasimishaji, ambapo wakazi hukaa na wapimaji na kukubaliana wenyewe barabara ipite wapi na eneo la wazi libaki wapi. Na uko mfano wa Ubungo Darajani, wakati ule ikiwa Kinondoni. Watu walikuwa wamejenga kwenye sehemu ambayo ramani ya jiji iliitenga kwa viwanda. Wakajipanga, wakasimamia mchoro wao wenyewe wa makazi, wakaupeleka ngazi kwa ngazi hadi serikali ikaukubali. Huo nao ni uamuzi wa kubadili matumizi, na safari hii walioomba ni wananchi wa kawaida.

Jiji letu limekuwa na Mpango Kabambe wa mwaka 1949, wa 1968, wa 1979, na huu wa sasa wa 2016 hadi 2036. Ule wa 1979 ulikusudiwa kwa miaka 20 tu, lakini tulikaa nao muda mrefu baada ya hapo, huku mji ukiongezeka kila siku. Mipango ilichelewa, watu hawakusubiri, na magomvi yetu mengi ya leo yalizaliwa katika pengo hilo.

Kwa hiyo juma hili nina ombi moja kwa kila mmoja. Tembea mtaani kwako, uone kama kuna kibao kimesimikwa kwenye kiwanja chochote. Kikiwepo, simama ukisome mpaka mwisho, kisha mwite jirani yako naye akisome. Mkikubaliana nacho, vema. Msipokubaliana, kalamu na karatasi ni bei ndogo kuliko wakili.

Hadi juma lijalo, nawatakia kila la heri.